Baraza la Kusikiliza au Baraza la Kutangaza? Sauti ya Wananchi na Kasi ya Maendeleo



Neno letu la leo ni fupi, nalo mnalijua: baraza. Katika miji ya kale ya pwani, baraza ni kiti cha mawe kilichojengwa mbele ya nyumba, kando ya mlango, ambapo mwenye nyumba huketi jioni pamoja na majirani na wapita njia. Hapo habari hupokewa, bei huulizwa, ugomvi husuluhishwa. Kutoka kwenye kiti, neno likahamia kwa wale wanaokikalia: tukapata baraza la wazee, baraza la madiwani, hata Baraza la Mawaziri. Nchini Tanzania chombo kinachosuluhisha migogoro ya mashamba huitwa Baraza la Ardhi la Kijiji. Kina wajumbe saba, na sheria inataka watatu kati yao wawe wanawake.

Lakini neno hili lina historia ya pili. Wakati wa utawala wa Waingereza, ofisa wa wilaya aliitisha baraza ili kutangaza: kodi ni kiasi hiki, barabara itapita hapa, kila mwanamume aje na jembe lake. Watu waliketi chini, juani, wakaambiwa, wakarudi makwao. Nchini Kenya baraza la chifu liliendelea na desturi hiyo kwa miaka mingi baada ya uhuru. Hapa Uganda, mwaka 2009, serikali ilianzisha mikutano ya hadhara iliyopewa jina hilihili la Kiswahili, ambamo maofisa hueleza fedha walizopokea na kazi walizofanya, na wananchi huuliza maswali.

Basi neno ni moja, lakini maana zake mbili zinapingana. Kuna baraza la kusikiliza na kuna baraza la kutangaza. Ninalileta neno hili darasani kwa sababu ndilo linalobeba ubishi mkubwa wa siasa za mitaa katika nchi zetu leo: je, kabla ya kujenga barabara, soko, kiwanda au ghorofa, tuwaulize wananchi kwanza, au tuweke kanuni fupi na wazi ili anayetaka kujenga apewe kibali upesi na maendeleo yasonge mbele?

Wahenga hawatusaidii kuchagua. Mmoja asema: haraka haraka haina baraka. Mwingine amjibu: ngoja ngoja huumiza matumbo. Mmoja asema: penye wengi hapaharibiki neno. Mwingine aonya: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mwanafunzi anayejifunza lugha hushangaa jinsi methali zinavyogombana. Mimi naona ugomvi huo ni hekima. Methali haitoi hukumu ya kudumu. Hutufundisha kuuliza ni wakati gani wa haraka na ni wakati gani wa kungoja. Msimamo wangu katika makala haya ni huohuo: swali la kwanza kuhusu sauti ya wananchi ni lini wanaitwa kusema, na wakiitwa, wanaambiwa nini na kwa lugha gani.

Hoja ya wanaotaka kasi

Tuanze kwa kuwatendea haki wale wanaotaka kanuni fupi, maana mara nyingi hudharauliwa kana kwamba wote ni mawakala wa matajiri.

Chukulia mama mmoja anayeishi pembezoni mwa mji. Ana kipande cha ardhi na akiba ya miaka kumi. Anataka kujenga vyumba vitatu vya kupangisha ili alipe karo ya watoto. Anapeleka ramani ya nyumba ofisini. Anaambiwa mhusika hayupo. Akirudi, anaambiwa ramani ina kasoro, lakini kasoro yenyewe haiandikwi popote. Akirudi mara ya tatu, anaambiwa lazima kamati iketi, na kamati haina siku maalumu ya kuketi. Bei ya saruji inapanda. Hatimaye mtu mmoja anamnong'oneza kwamba mkono mtupu haulambwi. Mama huyu ana njia mbili: kutoa hongo, au kujenga bila kibali na kuishi akiogopa siku nyumba yake itakapowekewa alama ya X kwa rangi nyekundu.

Kwa mama huyu, kanuni ndefu hazilindi umma. Zinalinda mlango wa anayekula rushwa. Kila hatua isiyo na muda maalumu, na kila uamuzi usio na kigezo kilichoandikwa, ni kibanda cha kutozea ushuru. Ndiyo maana Sheria ya Kenya ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, ruhusa ya kuendeleza ardhi itahesabiwa kuwa imetolewa. Kifungu hicho kinahamisha mzigo: ukimya wa ofisi sasa unaigharimu ofisi, haumgharimu mwombaji.

Wanaotaka kasi wana hoja nyingine, tena nzito zaidi. Wanauliza: hao mnaowaita "wananchi" mkutanoni ni akina nani hasa? Mkutano ukiitishwa Jumanne saa nne asubuhi, mchuuzi wa ndizi yuko sokoni, kibarua yuko kazini, mama mwenye mtoto mchanga yuko kwenye foleni ya zahanati. Wanaohudhuria ni wenye nafasi, wenye hatimiliki, wenye ufasaha wa kusema mbele za watu. Mpangaji, ambaye mji unamhitaji na ambaye nyumba mpya zingempunguzia kodi, hana kiti. Mkutano wa namna hiyo unaweza kukataa nyumba za bei nafuu, ukakataa kituo cha mabasi, ukakataa hata kliniki ya wagonjwa wa kifua kikuu, kisha ukajiita sauti ya jamii. Kwa hakika, ua lenye kufuli linaweza kuvaa kanzu ya demokrasia.

Hoja hizi ni za kweli. Anayetetea ushirikishwaji wa umma bila kuzijibu anajitetea mwenyewe tu.

Tukio la Lamu

Sasa twende pwani ya Kenya, kwenye mabaraza ya mawe tuliyoanza nayo. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Kampuni iitwayo Amu Power ilipanga kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 mahali paitwapo Kwasasi, upande wa bara wa kaunti hiyo. Wapo waliouona mradi kama neema: umeme, ajira, barabara. Wapo waliouona kama tishio kwa uvuvi, mikoko, hewa na mji wenyewe. Mwezi Septemba mwaka 2016 mamlaka ya mazingira ya Kenya, NEMA, ilitoa leseni.

Wakazi waliojikusanya chini ya jina la Save Lamu walikata rufaa kwenye mahakama maalumu ya masuala ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama hiyo iliifuta leseni, na sababu kuu ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Kituo hicho hakijajengwa.

Watu wengi husimulia kisa hiki kama mchezo wa mpira: wananchi moja, kampuni sifuri. Mimi nawaomba mkitazame kwa makini zaidi, kwa sababu fundisho lake limejificha. Si kwamba hakukuwa na mikutano. Mikutano ilikuwapo. Lakini ile iliyotajwa ilikuwa ya utangulizi, iliyofanywa kabla ya utafiti wa athari kwa mazingira kukamilika. Watu waliambiwa kwamba mradi unakuja. Ripoti ilipokuwa tayari, nene na ya kitaalamu, yenye majibu kuhusu moshi, majivu, maji ya bahari na samaki, hapo ndipo walipopaswa kuitwa tena, waelezwe kilichopatikana, waulize, wapinge au wakubali. Hatua hiyo ndiyo iliyokosekana.

Tafakari maana yake. Mtu aliyeitwa kabla ya taarifa kupatikana anaweza kutoa hisia tu: napenda, siogopi, naogopa. Hawezi kutoa hoja, kwa kuwa hana cha kujengea hoja. Kumwomba maoni wakati huo, kisha kuhesabu mahudhurio na kuandika kwamba umma umeshirikishwa, ni kumfanya shahidi wa jambo asilolijua.

Tazama pia gharama kwa upande wa kampuni. Karibu miaka mitatu ilipita kati ya leseni na hukumu. Mwekezaji aliyedhani anaokoa wakati kwa kuupita umma kando aliupoteza wakati huohuo mahakamani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba kusikiliza huchelewesha na kutosikiliza huharakisha. Usikilizaji uliorukwa mwanzoni hurudi mwishoni, na ukirudi huja na mawakili.

Tusikilize mapema, tuamue upesi

Nikiviweka visa hivi viwili pamoja, cha mama mwenye vyumba vitatu na cha Lamu, naona kwamba makosa yetu hutokana na kuvipima kwa kipimo kimoja. Tunamsumbua mama kana kwamba anajenga kituo cha umeme, na tunampitisha mwenye kituo cha umeme kana kwamba anajenga vyumba vitatu.

Pendekezo langu ni hili. Sauti ya umma itafutwe kwa nguvu zote wakati wa kutunga mpango wa matumizi ya ardhi: wapi makazi, wapi soko, wapi viwanda, kinamasi kipi kisiguswe, barabara iwe na upana gani, ghorofa zisizidi ngapi. Hapo majirani wabishane, tena wabishane kwa miezi. Mpango ukishakubaliwa na kuandikwa, anayejenga kulingana nao asirudishwe mkutanoni. Apewe orodha fupi ya masharti, apewe tarehe ya jibu, na akitimiza masharti apewe kibali. Jirani asiyependa rangi ya paa lake asiwe na uwezo wa kumzuia.

Lakini mradi mkubwa, unaobadilisha maisha ya wengi na usioweza kurudishwa nyuma, uwe na baraza lake mahususi baada ya taarifa kamili kupatikana, hata kama mpango unauruhusu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nyumba iliyojengwa vibaya huvunjwa. Mikoko iliyokatwa na ziwa lililotiwa sumu havirudi kwa amri ya mahakama.

Wazo hili si ngeni kwetu. Nchini Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji una wanakijiji wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo, na mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji huandaliwa na halmashauri kisha huidhinishwa na mkutano mkuu. Sheria imeiweka sauti ya watu mahali pake, yaani penye uamuzi wa msingi. Hapa Uganda, baraza la kijiji, ambalo wengi hulijua kwa jina la LC1, vilevile lina wakazi wote waliofikisha umri huo. Na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inaitaka wilaya itengeneze mpango wa maendeleo unaojumuisha mipango ya mabaraza ya chini yake. Kwenye karatasi, sauti inapanda kutoka kijijini hadi wilayani.

Nimesema kwenye karatasi. Uchaguzi wa mabaraza ya vijiji uliofanyika Julai 2018 ulikuwa wa kwanza tangu mwaka 2001. Kwa miaka 17 mwenyekiti wa kijiji aliendelea kugonga mihuri bila wakazi kupewa nafasi ya kumthibitisha au kumwondoa. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa uchaguzi ule wa mwanzo alikuwa karibu kufikia umri wa kupiga kura kabla uchaguzi uliofuata haujafanyika. Ngazi ikikosa kidato cha chini, hakuna apandaye, hata kama vidato vya juu vimepakwa rangi.

Pingamizi moja la kweli

Msomaji makini ataniuliza: mwalimu, unasema watu waitwe wakati wa kutunga mpango, lakini wakati huo hawaji. Mpango ni ramani yenye rangi ukutani. Nani ataacha shamba lake kwenda kutazama rangi? Watu huamka trekta linapofika. Hivyo, ukiifunga milango baada ya mpango, umewanyima sauti wakati wa pekee ambao wangeitumia.

Pingamizi hili ndilo gumu kuliko yote, na sidhani kwamba lina jibu kamili. Lakini naamini watu hawakosi hamu ya kujua mustakabali wa ardhi yao. Hakuna jambo linalozungumzwa zaidi vijijini kwetu kuliko mpaka. Kinachowafukuza ni jinsi mpango unavyoletwa. Ukimwambia mkulima kwamba kuna "rasimu ya mpango wa maendeleo ya ardhi ya miaka kumi", utazungumza peke yako. Ukienda naye mpaka kwenye mti wa mwembe na kumwambia, "Kutoka hapa hadi kisimani, mpango huu unasema patakuwa viwanda, wewe unasemaje?" utahitaji siku nzima kumsikiliza. Basi ramani ishuke kutoka ukutani. Mipaka itembelewe kwa miguu. Mkutano ufanyike Jumapili alasiri au siku isiyo ya gulio, na wapangaji na wachuuzi waalikwe kwa kutajwa, kama wenye kiti na si kama wageni.

Zaidi ya hayo, iwepo njia ya kuufungua mpango tena kila baada ya miaka kadhaa. Aliyechelewa leo awe na kesho. Mpango usiofunguliwa kamwe hugeuka amri ya ofisa wa wilaya aliyesimama juani na karatasi yake.

Sitaki kuficha gharama ya pendekezo hili. Atakuwapo mtu atakayeamka siku moja akute nyumba ya ghorofa nne ikijengwa mbele ya dirisha lake, akaenda kulalamika, akaambiwa: mpango uliruhusu, na mkutano ulifanyika mwaka juzi. Atahisi ameonewa. Mimi nitamhurumia, lakini sitakubali kumpa uwezo wa kuizuia nyumba ile, kwa sababu ndani yake kuna familia kadhaa ambazo hazikuwa na dirisha lolote.

Lugha ni sehemu ya haki

Nawaandikia wanafunzi wa lugha, kwa hiyo sitamaliza bila kulisema hili, ambalo wanasheria hulipita upesi.

Kanuni za Kenya za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari kwa mazingira zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo karibu na eneo, achapishe taarifa gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, mahali na saa zinazowafaa. Angalieni jinsi sheria ilivyofahamu kwamba kusikia kuna masharti: mahali, saa, na lugha. Mtu aliyetangaziwa kwa lugha asiyoielewa hajatangaziwa.

Hata hivyo, katika nchi zetu nyingi, ripoti yenyewe huandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, na kwa lugha ya kitaalamu ambayo hata wasomi hujikwaa nayo. Tangazo la redio huweza kuwa la dakika moja kwa lugha ya mama, lakini kurasa mia tano zenye ukweli hubaki zimefungwa. Matokeo yake mkutano huwa na madaraja mawili ya raia: wanaoijua ripoti na wanaousikia uvumi. Wale wa kwanza husema kwa utulivu na kuonekana wenye busara. Wale wa pili hupaza sauti na kuonekana wakaidi. Tofauti yao si akili. Ni tafsiri.

Kiswahili kimepewa heshima kubwa katika miaka ya karibuni. Uganda ilikifanya lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha hatua za kukitekeleza na kukifundisha shuleni. Ulimwengu sasa huadhimisha siku yake kila tarehe 7 Julai. Tunaimba, tunacheza ngoma, tunatoa hotuba. Ni vizuri. Lakini lugha haiwi ya umma kwa kupigiwa ngoma. Huwa ya umma siku ambayo mtu anaweza kuitumia kuuliza kwa nini bomba la maji machafu limeelekezwa shambani kwake, na akajibiwa.

Sidai kwamba Kiswahili kichukue nafasi ya Kiganda, Kiacholi, Kilugbara au Kirunyankole katika mikutano ya vijiji. Mzee azungumze kwa lugha aliyozaliwa nayo. Lakini penye soko, mpakani, mjini na kambini, ambapo majirani wa makabila mengi wanakutana na hakuna lugha ya mmoja wao inayowatosha wote, Kiswahili ndicho kiti cha mawe ambacho kila mpita njia anaweza kukikalia. Na maneno tunayajua: kibali, hatimiliki, fidia, mipaka, pingamizi, muhtasari wa mkutano. Anayeyajua maneno haya vizuri ana ufunguo mkononi.

Jibu la maandishi

Jambo la mwisho ni dogo, lakini kwangu ndilo kipimo cha baraza la kweli. Baada ya watu kusema, ofisi ijibu. Iandike: mlisema hili, tumelikubali, na mpango umebadilika hivi, mlisema lile, hatukulikubali, na sababu ni hizi. Karatasi hiyo ibandikwe palepale tangazo la mkutano lilipobandikwa.

Serikali ya mtaa haiwajibiki kutii kila sauti. Sauti zenyewe hupingana, na diwani alichaguliwa ili aamue. Ila inawajibika kutoa sababu. Aliyekataliwa kwa sababu anaweza kukata rufaa, kujirekebisha, au kukubali kwamba wengine nao wana haja zao. Aliyekataliwa kwa ukimya hujifunza kwamba mkutano ni mahali pa kunywa soda na kusaini jina, na mara nyingine haji. Halafu tunasema wananchi hawana hamu ya maendeleo.

Hata wanaotaka kasi wanapaswa kulipenda jibu la maandishi. Benki ya Dunia ilikuwa na ripoti ya kila mwaka iliyohesabu hatua, siku na gharama za kupata kibali cha kujenga ghala, na serikali nyingi, zikiwemo zetu, zilishindana kupunguza siku hizo. Ripoti hiyo ilisitishwa mwaka 2021. Haikuwahi kuuliza kama jirani wa ghala alisikilizwa. Tukitaka kupima mitaa yetu kwa kipimo chetu wenyewe, tuhesabu vyote viwili: siku ambazo mwombaji alingoja kibali, na siku ambazo mwananchi aliyetoa maoni alingoja jibu. Ofisi inayoshinda kwa hesabu ya kwanza na kushindwa kwa ya pili imehudumia nusu ya watu wake.

Kazi yenu ya wiki hii, basi, haimo kitabuni. Nendeni kwenye ubao wa matangazo wa kaunti ndogo au wa mtaa mnakoishi. Tafuteni tangazo lolote kuhusu ardhi, barabara au soko. Lifasirini kwa Kiswahili chepesi, maneno yasiyozidi mia, kisha msomeeni mtu mmoja ambaye lingemgusa: mpangaji, mchuuzi, mkulima. Andikeni maswali atakayouliza, kama alivyoyauliza, bila kuyapamba. Mkirudi darasani tutayasoma kwa sauti, na tutatazama ni mangapi kati yake ambayo tangazo lile lilikuwa limeyajibu. Mkiukuta ubao mtupu, andikeni hilo pia, na tarehe.